Mzigo Wako Uko Njiani



Kila aliyekulia mjini anamjua fundi cherehani wa wiki ya Idi. Ukimpelekea kitambaa siku kumi kabla ya sikukuu hakatai. Anakupima, anaandika vipimo kwenye daftari, anapokea kianzio, kisha anakitupa kitambaa chako juu ya rundo. Mikono yake inaweza kushona nguo 15, vitambaa kwenye rundo ni 40, na hilo yeye analijua kabla yako. Ukienda siku ya ahadi anakwambia njoo kesho. Kesho umeme ulikatika. Keshokutwa mashine imekorofisha. Usiku wa kuamkia Idi anakurudishia kitambaa kikiwa vilevile, kianzio chako kikiwa juu yake, kana kwamba hesabu imekwisha.

Nimemkumbuka fundi huyo kwa sababu ya jirani yangu, mama mmoja anayeuza juisi na barafu mtaani kwetu. Mwaka juzi alitaka friza kabla ya Ramadhani, kwa kuwa mwezi huo ndio unaobeba biashara yake ya mwaka. Mwanawe akamwonyesha kwenye simu duka moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja, lililouza friza kwa bei ya chini kidogo kuliko ya Kariakoo. Mama akalipa kwa simu, fedha zote, na dakika ileile akapokea ujumbe wa kumshukuru na kumwahidi mzigo baada ya siku tano za kazi.

Siku tano zikapita. Alipopiga simu aliambiwa abonyeze moja, kisha abonyeze nne, kisha ukaja muziki, kisha sauti ya kumwambia kwamba simu yake ni muhimu sana. Salio likaisha kabla ya muziki. Kesho yake alimpata kijana mwenye adabu, aliyemwita mama, akamwomba radhi mara tatu na kumwambia mzigo uko njiani. Juma lililofuata alimpata binti mwenye adabu vilevile. Binti hakuwa na habari yoyote ya mazungumzo ya kwanza. Akaomba namba ya oda upya, akasoma kitu kwenye kompyuta yake, akasema mzigo uko njiani. Siku ya 22 ukaja ujumbe: oda yako imefutwa kwa kuwa bidhaa haipatikani, fedha zako zitarejeshwa ndani ya siku saba hadi 14. Ramadhani ilikuwa inaanza baada ya siku mbili. Kule Kariakoo friza ya namna ile ilikuwa imekwisha kupanda bei, na hata isingepanda, fedha za kuinunulia walikuwa nazo haohao walioifuta oda.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mama huyu hakuibiwa. Fedha zake zilirudi shilingi kwa shilingi, siku ya tisa ya mfungo. Na hapo ndipo malalamiko ya namna hii yanapokufa, maana kila utakayemweleza anakuuliza: si wamekurudishia fedha zako? Hakuna anayeuliza juu ya zile siku 22. Laiti mama angeambiwa ukweli siku ya sita, angedai fedha zake na kwenda Kariakoo angali na muda, kabla bei haijapanda. Duka lilichukua muda wake likautumia kwa faida yake lenyewe, kwa matumaini kwamba huenda mzigo ungefika. Na muda haurejeshwi kwenye simu.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Wamarekani walikuwa wakinunua vitu kwa barua na katalogi miaka mingi kabla ya intaneti, na mwaka 1975 Tume yao ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni juu ya maduka yanayopokea oda kwa posta. Mwaka 1993 kanuni ikapanuliwa iguse oda za simu, na mwaka 2014 intaneti ikatajwa ndani yake kwa jina. Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleweka. Muuzaji asitangaze siku ya kutuma mzigo kama hana sababu ya maana ya kuamini kwamba ataweza. Asipotaja siku yoyote, anahesabiwa siku 30. Akiona anachelewa, ni wajibu wake yeye kumtafuta mnunuzi, amweleze siku mpya, na amwulize: utangoja, au nikurudishie fedha? Ucheleweshaji ukizidi siku 30, au muuzaji mwenyewe akiwa hajui mzigo utapatikana lini, kimya cha mnunuzi hakihesabiwi kuwa ni ridhaa. Asipopata kauli ya mnunuzi, arudishe fedha.

Tazameni vizuri kanuni hiyo. Haimlazimishi muuzaji kutoa asicho nacho. Hilo hata hakimu hawezi. Inachosema ni kwamba uamuzi wa kungoja ni mali ya aliyelipa.

Kanuni hiyo ilipata mtihani wake Krismasi ya mwaka 1999. Mwaka huo maduka ya mtandaoni Marekani yalikuwa yamepata umaarufu wa ghafla, na wazazi wengi waliagiza zawadi za watoto kwa kompyuta badala ya kupanga foleni. Toys "R" Us, duka kubwa la vitu vya kuchezea, lilizidiwa na oda, na siku chache kabla ya sikukuu likawaarifu baadhi ya wateja kwamba vitu vyao havitafika. Si duka hilo pekee. Julai 2000 Tume ilitangaza kwamba kampuni saba, duka hilo likiwa mojawapo, zimekubali kulipa jumla ya dola milioni 1.5. Kosa lililodaiwa halikuwa kwamba mzigo ulipungua. Lilikuwa kwamba wateja hawakuarifiwa ipasavyo, na kwamba baadhi ya maduka yaliendelea kuahidi tarehe ambazo hayangeweza kuzitimiza. Yaani kosa la fundi kupokea kitambaa cha 16.

Mtu angedhani somo limekwisha eleweka. Lakini Desemba 2011, siku nne tu kabla ya Krismasi, Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme, lilikiri hadharani kwamba halitaweza kutimiza baadhi ya oda zilizopokelewa Novemba na Desemba kupitia mtandao wake. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu walivipenda mno vitu vilivyotangazwa. Kuna walioagiza mwishoni mwa Novemba, wakati wa bei za kutupa, wakakaa karibu mwezi mzima wakiamini kwamba zawadi zao zinakuja. Walipofutiwa, zile bei za kutupa hazikuwapo tena popote.

Kwa nini duka liuze kitu ambacho halina? Wakati mwingine ni hesabu mbovu tu: ghala ni moja, mteja wa dukani na mteja wa mtandaoni wanalichota pamoja, na kompyuta inachelewa kujua kwamba la mwisho limekwisha kutoka mlangoni. Wakati mwingine muuzaji anategemea mzigo wa mwagizaji mwingine, naye mwagizaji anategemea meli. Hayo yanasameheka. Lisilosameheka kwa urahisi ni hili: kupokea oda kunaleta fedha au kunamfunga mteja asiende kwa jirani, na kuifuta hakulipiwi chochote. Biashara yoyote ambayo kuahidi ni faida na kuvunja ahadi ni bure, itaahidi.

Na kwetu kuna jambo linaloongeza uzito. Mmarekani analipa kwa kadi ya benki, na mara nyingi fedha hukatwa hasa pale mzigo unapotoka. Sisi tunalipa kwa simu, na fedha zinaondoka papo hapo. Ni huduma nzuri, siitii ila. Imewaokoa wengi safari na hatari ya kutembea na fedha mfukoni. Lakini maana yake ni kwamba katika zile siku 22, mama muuza juisi ndiye aliyekuwa akilikopesha duka, bila riba, na bila kuulizwa.

Juu ya wale vijana wa simu, nawaomba tusiwatukane. Nimewahi kukaa na mmoja wao tukanywa chai. Aliniambia kwamba kompyuta yake humwonyesha neno moja tu kwa kila oda, na neno hilo hubadilika anapolibadilisha mtu wa ghala, ambaye yeye hajapata kumwona. Hana ruhusa ya kusema sijui. Kwa hiyo husema uko njiani.

Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, na tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo ina sehemu yake ya kumlinda mlaji. Makaratasi yapo. Kinachokosekana ni walalamikaji, kwa kuwa aliyerudishiwa fedha huona aibu kulalamika. Mimi nadhani alalamike. Aandike tarehe aliyolipa, siku aliyoahidiwa, kila simu aliyopiga na alichojibiwa, atunze na ujumbe wa kufuta oda. Na kabla ya kulipa aulize kwa maandishi: kitu hiki kiko ghalani leo, au mnakingojea? Wapo wauzaji wengi wanaokubali kulipwa mzigo unapofika mlangoni, na huyo ndiye wa kuanza naye.

Yule mama alipata ujumbe mwingine baada ya fedha kurudi, wa kumtaka alipe duka alama za huduma, moja hadi tano. Alinijia na simu mkononi akaniuliza, mzee, sifuri naibonyezea wapi? Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata alikwenda Kariakoo mwezi mzima kabla ya Ramadhani, akachagua friza, akawaambia waiwashe mbele yake, akalipa, kisha akapanda guta pamoja nayo hadi nyumbani, mkono mmoja ameushikilia mfuniko.