Mnyonge Naye Apewe Wakili
Hotuba kwa wananchi wa Salaita, Taita Taveta



Kilima hiki kimeingia katika historia kwa mapigano ya tarehe 12 Februari 1916, Mwingereza na Mjerumani walipogombea ardhi ambayo wenyeji wake hawakuulizwa neno. Mizinga ile imenyamaza. Hata hivyo, mkazi wa hapa bado aweza kupoteza shamba kwa sababu mpinzani wake amefika mahakamani na wakili, naye amefika mikono mitupu.

Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A, na Wakenya wakarudishiwa uhuru wa kuunda vyama. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini kwa miaka mingi baadaye, wakili wa kulipiwa na Serikali alipewa hasa mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake nayo ni kifo, alisimama peke yake mbele ya hakimu, akimhoji shahidi kadiri ya uwezo wake. Uhuru wa kupiga kura haukumsaidia kizimbani.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuondoa aibu hiyo. Ibara ya 48 yaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada isiwe kizuizi. Ibara ya 50 yampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila wakili dhuluma kubwa itatendeka; yampa pia mkalimani bila malipo asipoifahamu lugha ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa na Hazina ya kuigharimia. Nayo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Karisa Chengo ya 2017, ilieleza kwamba haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa: hutazamwa uzito wa kosa, ugumu wa kesi na uwezo wa mshtakiwa kujitetea.

Hapo ndipo penye shida. Haki inayopimwa na mahakama humfaa ajuaye kuiomba. Sheria ya 2016 yamwamuru hakimu amjulishe mshtakiwa asiye na wakili haki yake. Basi asipojulishwa, na aulize yeye mwenyewe, siku ya kwanza, kabla kesi haijasikizwa.

Msaada huu si wa makosa ya jinai peke yake. Mashauri ya madai na ya watoto yamo pia. Na katika ardhi, jambo linalowagusa ninyi zaidi, sheria yataka anayekalia shamba la mtu binafsi bila idhini apewe ilani ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa, naye aweza kwenda mahakamani kuipinga. Ilani hiyo isichomwe wala isifichwe chini ya godoro. Siku inapopokewa, itafutiwe mwanasheria.

Je, mwanasheria huyo yuko wapi? Tangu 1973, Kituo cha Sheria kimeonyesha kwamba mawakili waweza kuwahudumia maskini. Lakini hisani haiwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa Serikali. Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, Bunge liitengee Hazina ya Msaada wa Kisheria fedha za kutosha. Pili, Huduma ya Kitaifa iwafikie watu wa Taveta, Voi, Mwatate na Wundanyi, bila kuwalazimu kutafuta nauli ya Mombasa. Tatu, wasaidizi wa kisheria, ambao sheria inawatambua, wafunzwe miongoni mwenu, watu wanaozijua lugha na mipaka ya mashamba yenu.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twasema mnyonge asinyongwe kamwe, na haki yake aidai yeye mwenyewe, akiwa na wakili ubavuni. Mkombea kura yeyote ajaye hapa, muulizeni fedha hizo atazipigania vipi. Na asiyekuwa na jibu, mkumbukeni siku ya kura.