Mweka Hazina Hulelewa Nyumbani



Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, yawataka viongozi wawe waadilifu. Ni sheria njema. Lakini humkuta mtu amekwisha kulelewa.

Tufungue 1 Samweli. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa makuhani huko Shilo, nao walitwaa nyama za sadaka kwa nguvu. Baba yao aliwakemea, lakini hakuwazuia. Samweli naye alikulia papo hapo. Bwana alipomfunulia hukumu juu ya nyumba ya Eli, mzee huyo alimtaka aseme yote bila kuficha, na kijana akasema. Uzeeni, mbele ya Israeli yote, Samweli aliuliza ni nani aliyemdhulumu ng'ombe au punda. Hakutokea hata mmoja.

Hata hivyo wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa huko Beer-sheba. Uadilifu haurithiwi kama shamba. Kila mtoto hufundishwa upya.

Basi, mtoto akileta nyumbani kalamu ya mwenzake, je, twamrudisha nayo, au twamkemea tu kisha kalamu ikabaki? Naye akituambia kosa letu, twamsikiliza? Huyo ndiye mweka hazina wa kesho, wa chama cha ushirika na wa kanisa.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuzuia, wala si kukemea tu. Amina.