Siku za Masomo Nazo Zihesabiwe: Kodi ya Mshahara wa Kwanza wa Mhitimu wa Kigeni

Mwajiri wa hapa Kiamunyi anapomwajiri Mganda au raia wa Sudan Kusini aliyehitimu Kabarak au Egerton, swali huja kabla ya mshahara wa kwanza: akatwe PAYE kama mkaazi au asiye mkaazi? Wengi hulijibu kwa kutazama jalada la pasipoti. Hoja yangu ni kwamba jibu halimo jaladani; limo katika mihuri ya ndani. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, haiulizi uraia. Asiye na makao ya kudumu nchini huwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka husika; au, na hapa ndipo wahitimu wetu wanaposahauliwa, akiwapo nchini mwaka huo na kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Kwa hesabu ya kawaida, hizo ni zaidi ya siku 366 katika miaka mitatu. Mwanafunzi aliyekaa Njoro siku 240 mwaka 2023 na 250 mwaka 2024 alikuwa na siku 490 tayari. Akianza kazi Januari 2025, ni mkaazi tangu mshahara wa kwanza, wala hana haja ya kungoja Julai.

Tofauti si ndogo kwa kijana anayeanza maisha. Tuchukue mshahara wa shilingi 40,000 kwa viwango vya 2025. NSSF ni 2,400, SHIF 1,100, na tozo ya nyumba 600. Makato hayo yote huondolewa kabla ya kodi tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024. Zinabaki 35,900, na kodi yake ni takriban 5,553. Mkaazi hupunguziwa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, akalipa 3,153. Asiye mkaazi hapati nafuu hiyo. Kwa mwaka ni shilingi 28,800, karibu mshahara mzima wa mwezi mmoja baada ya makato, zinazopotea kwa sababu ya karani kutofungua kurasa.

Kuna watakaosema mwanafunzi ni mpita njia, moyo wake uko Juba au Kampala, na siku za darasani si siku za kuishi. Lakini kipimo cha siku hakipimi moyo. Tena, nchi inayotaka kuzitenga siku za masomo hutamka hivyo: Marekani haizihesabu siku za mwenye viza ya F-1, kwa kawaida kwa miaka mitano ya kalenda, katika kipimo chake cha ukaazi. Sheria yetu haina kifungu cha namna hiyo, na karani wa mishahara hana mamlaka ya kukitunga.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ushahidi. KRA ikikagua, mwajiri ndiye wa kwanza kuulizwa, na Mganda au Mnyarwanda aliyevuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa huenda asiwe na muhuri hata mmoja. Hapo nakubali kwamba kazi inaongezeka: itabidi kukusanya rekodi za usajili wa chuo, matokeo ya mitihani na risiti za kodi ya nyumba, na kuzihifadhi katika faili la mwajiriwa. Ugumu wa kuthibitisha, hata hivyo, haumgeuzi mkaazi kuwa asiye mkaazi. Vilevile ukaazi wa kikodi hauhalalishi ajira. Pasi ya mwanafunzi si kibali cha kazi, na kibali hicho hutangulia hesabu zote hizi. Wala ukaazi si zawadi tupu: mkaazi hutozwa kodi hapa hata kwa mshahara wa kazi aliyoifanya nje ya Kenya.

Aliyekwisha kukatwa zaidi anaweza kudai marejesho anapowasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni, ingawa si haki kumpa kijana mgeni mzigo wa kurekebisha kosa la ofisi. Basi, waajiri wenzetu, kabla ya tarehe 9, siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE ya mwezi uliopita, mwombeni mwajiriwa mpya pasipoti na rekodi zake za chuo, kisha mhesabu siku.