Haki Haipimwi kwa Wingi Peke Yake

Kila mji unaokua hufika mahali ambapo hauwezi kwenda mbele bila ya kumwondoa mtu mahali pake. Barabara lazima ipite, na jengo jipya lazima lipate kiwanja. Swali linalobaki ni nani atakayeubeba mzigo wa maendeleo hayo, na kwa kipimo gani.

Swali hilo liliukabili mji wa Kigali, nchini Rwanda, katika mwaka 2007 na 2008. Karibu na katikati ya mji palikuwa na mtaa ulioitwa Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, kuutofautisha na Kiyovu ya matajiri iliyokuwa jirani yake. Wakuu wa mji waliamua kuuondoa mtaa huo ili kupisha ujenzi wa kisasa. Wenye nyumba walitengewa makazi mapya huko Batsinda, katika wilaya ya Gasabo, ambako zilijengwa nyumba zipatazo 250.

Je, jambo hilo lilikuwa la haki? Wako wanaopima kila tendo kwa matokeo yake. Mwingereza Jeremy Bentham, katika karne ya 18, alifundisha kwamba tendo jema ni lile liletalo furaha kubwa zaidi kwa watu wengi zaidi. Kwa kipimo hicho, mji mzima ukifaidika, hesabu imekamilika. Wala hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mji usiopangwa huwaumiza maskini kwanza, mvua inaponyesha na maji yanapokosa njia.

Lakini hesabu ya jumla ina kasoro moja: haimtazami mtu mmoja mmoja. Mwaka 1785 Mjerumani Immanuel Kant alionya kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha kutimizia malengo ya wengine. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2007 nayo ilitaka anayeondolewa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, na alipwe kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo penye ugumu. Mthamini huhesabu ukuta, bati na kiwanja. Lakini mtu aliyeishi Kiyovu alikuwa na mali nyingine isiyoonekana: aliweza kwenda kwa miguu sokoni, kwenye kibarua au kwa wateja wake. Akihamia Batsinda, hata kama nyumba ni imara kuliko ile ya zamani, kila asubuhi huanza kwa kutafuta nauli. Aliyekuwa akipangisha chumba hupoteza kodi yake. Na mpangaji, ambaye hakuwa na ukuta wala bati, hana cha kuthaminiwa kabisa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwaka 1971 Mmarekani John Rawls alitoa kipimo kinachofaa kukumbukwa. Alitaka watu wapange taratibu za jamii kana kwamba hakuna ajuaye atakuwa nani ndani yake, tajiri au maskini. Hivyo basi, mpangaji wa mji ajiulize: kama asingejua iwapo kesho angeamka akiwa mwenye jengo jipya au muuza mboga aliyehamishwa, je, angeyakubali masharti hayo hayo?

Yafaa ikumbukwe kwamba sheria mpya ya Rwanda ya mwaka 2015 iliongeza asilimia 5 juu ya thamani ya mali, kufidia usumbufu wa kuhamishwa. Ni nyongeza ndogo, lakini ndani yake mna ukiri mkubwa: kwamba hasara ya mtu haiishii kwenye kuta za nyumba yake.

Miji ya Afrika Mashariki itaendelea kukua, na Batsinda nyingine zitajengwa. Ujenzi wenyewe si dhambi. Dhambi ni kuwafanya wachache, tena walio wanyonge, wailipie peke yao neema ya wote. Maendeleo yakiwa ni ya wote, gharama zake nazo hazina budi kuwa za wote.