Sauti Haitoki Kooni Pekee

(Hotuba ya mwalimu mstaafu wa muziki kwa walimu wa kwaya za shule na makanisa katika kaunti yetu.)

 

Mlangoni mzazi mmoja ameniuliza kama kuimba kuna ugali ndani yake. Nitamjibu kwa maisha ya Camilla Williams, mwimbaji wa soprano.

Alizaliwa mwaka 1919 mjini Danville, jimbo la Virginia, Marekani. Baba yake alikuwa dereva wa kuajiriwa. Alisomea ualimu, akarudi kwao kufundisha darasa la tatu na muziki. Naam, mwalimu wa msingi kama sisi! Baadaye akaenda Philadelphia kufunzwa sauti na Marion Szekely Freschl, na ili apate riziki akawa anaonyesha watu viti katika jumba la sinema. Mwaka 1946 kampuni ya New York City Opera ilimpa nafasi kuu katika Madama Butterfly. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata mkataba na kampuni kubwa ya opera nchini humo.

Opera, kwa asiyeijua, huimbwa bila kipaza sauti, na mbele yako kuna okestra nzima. Mwenye kutegemea koo hafiki mwisho wa usiku. Inabidi pumzi ishikiliwe na misuli ya tumbo na mbavu, taya lilegee, sauti ipate mwangwi mdomoni na puani.

Tarehe 28 Agosti 1963, siku ya maandamano makubwa ya Washington ambapo Martin Luther King alihutubia, Marian Anderson ndiye aliyetarajiwa kuimba wimbo wa taifa. Alikwama kwenye umati. Camilla akaitwa, akaimba mbele ya watu zaidi ya laki mbili. Wimbo ule una noti za chini sana na za juu sana. Wengi huukwepa hata wakiwa wamejiandaa.

Na ugali? Mwaka 1977 akawa profesa wa kwanza mweusi wa sauti katika Chuo Kikuu cha Indiana. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 92. Mzazi, jukwaa lilimpa jina, lakini kazi iliyomfikisha uzeeni ilikuwa darasa.

Sasa niseme lililonileta. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu alitaka ushindi. Kila jioni ilikuwa, "Pazeni! Pazeni!" Niliimba siku tatu koo likiwa limevimba. Tulishinda, kikombe kikawekwa ofisini. Noti zangu za juu hazijarudi hadi leo, na ndiyo sababu mnanisikia nikiimba sauti ya pili.

Simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha. Nyinyi mmeambiwa leo. Mtoto aliyekauka sauti apumzishwe, asiambiwe anong'one, kwani kunong'ona kwa nguvu nako huchosha nyuzi za sauti. Anywe maji. Ukavu ukizidi wiki tatu, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata kama tamasha ni kesho. Mvulana anayevunja ungo la sauti naye msimlazimishe kubaki juu.

Haya, simameni tuanze na pumzi. Mwenye koo linalouma akae, asikilize.