Chakula cha Kibandani na Haki ya Mpishi

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini, Kahama, baada ya sala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mlishaji asiyelishwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mada niliyopewa leo ni hukumu ya kula katika mahoteli na vibanda. Walioomba mada hii ni vijana wa machimboni, na swali lao kwa ufupi ni hili: nyama tunayokula kwa mama lishe imechinjwa na nani? Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini nyuma yake lipo swali jingine ambalo hakuna aliyeniuliza, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi tangu nilipoanza kuandaa maneno haya.

Tuanze na hali yenyewe. Wazee wa Usukumani walikuwa na shikome, moto wa jioni ambao wanaume na vijana waliuzunguka, chakula kikaletwa kutoka majumbani, na mgeni akapata nafasi yake bila kuulizwa fedha. Leo kijana wa Kishapu ameuacha mji wa babake. Yuko Katoro, au Nyarugusu, au Rwamgasa, au Kakola, au Mwakitolyo. Amepanga chumba kimoja na wenzake watatu, hana jiko, na mke yuko mbali. Shikome yake sasa ni benchi la mama lishe. Hapo hunywa supu na chapati alfajiri, hapo hula ugali na sato au dagaa wa ziwani mchana, na usiku huenda kwa muuza chipsi wa pembeni mwa stendi. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam iko migahawa yenye matawi mengi, bei zimeandikwa ukutani na cheti cha halali kimetiwa kwenye fremu. Sisi huku cheti chetu ni mpishi mwenyewe, ambaye tunamjua kwa sura na kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba kula nje ni anasa ya watu wa mjini, hajaishi machimboni. Kwa maelfu ya watu wa ukanda huu ndiyo riziki ya kila siku, asubuhi na jioni. Sheria yetu imelitazama jambo hili kwa upole. Katika Surat an-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ameondoa lawama kwa wenye kula pamoja au mbalimbali. Asiseme mtu, basi, kwamba kula barazani kwa watu kunavunja heshima ya Muislamu.

Ama nyama. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Mama Aisha (r.a.) kwamba watu walimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa huletewa nyama na watu walioingia katika Uislamu karibuni, wala hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa wakati wa kuchinja. Aliwaelekeza wao wenyewe wataje jina la Mwenyezi Mungu, kisha wale. Wanazuoni wametoa humo kanuni kubwa: nyama inayouzwa katika soko la Waislamu, au katika mji ambao kwa desturi wachinjaji wake ni Waislamu, asili yake ni halali mpaka ijulikane kinyume. Hukutakiwa kumfuata ng'ombe hadi machinjioni. Hukutakiwa kumhoji mama wa watu mbele ya wateja wake kana kwamba yuko kizimbani. Ukiwa na shaka yenye sababu, uliza kwa sauti ya chini, kama unavyomuuliza shangazi yako, na akikujibu, mwamini. Mpishi asiye Muislamu naye ana neno lake. Wengi wao hapa Kahama hununua nyama katika bucha zile zile anazonunua imamu.

Yako mambo ambayo yanastahiki kuulizwa kweli, na ajabu yake ni kwamba watu hawayaulizi. Jiko linalochoma kitimoto jioni, je, wavu wake ndio unaochoma mishikaki ya mbuzi? Mafuta yaliyokaangia nguruwe, je, ndiyo yanayokaangia chipsi? Hapa kuna jambo la dhahiri, si wasiwasi, na mtu ana haki ya kunyanyuka na kwenda benchi la jirani. Anyanyuke kwa adabu. Aliyeuza kitimoto hakukudanganya, ameandika ubaoni.

Wapo wanaosema, "Sheikh, huku porini ni dharura, tunakula chochote." Hapana. Dharura ina mpaka wake. Mnakumbuka wale wenzetu wa Nyangarata, hapa hapa Kahama, waliofukiwa na kifusi Oktoba 2015. Watano walitolewa hai mwezi Novemba baada ya siku 41 chini ya ardhi, na walieleza kwamba waliishi kwa kula mizizi, vyura na wadudu. Hiyo ndiyo dharura iliyotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 173: mtu anachelea roho yake na hana kingine. Mwenye shilingi mfukoni na vibanda sita mbele yake hayumo katika aya hiyo.

Kabla sijaacha habari ya nyama, lazima niseme jambo zito. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama inayouzwa hadharani ulifika mahali pa mapanga, na mchungaji mmoja wa Kikristo akauawa. Serikali wakati ule ilishikilia kwamba desturi ya zamani iendelee, Waislamu wachinje nyama ya umma. Desturi hiyo ina hekima, kwani ndiyo iliyotuwezesha kukaa benchi moja na jirani zetu miaka yote hii bila kuulizana. Lakini sitaki mtu yeyote atoke msikitini humu akidhani kwamba tulishinda jambo lolote Buseresere. Surat al-Maida, aya ya 5, imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, na wanazuoni wamejadili sharti zake kwa karne nyingi, kwa kalamu. Nafsi ya mtu haikuwekwa katika mizani moja na mnofu wa ng'ombe. Mwenye kutaka nyama yenye hakika na anunue kuku wake achinje mwenyewe, na mwenye bucha yake awe mkweli kwa wateja kuhusu anachouza. Fitina ya aina hii huanza kwa maneno ya barazani, na mengine, Mwenyezi Mungu atusamehe, yalisemwa karibu na minbari.

Sasa nije kwenye lile swali la pili. Ndugu zangu, tunauliza nyama imechinjwa na nani. Nani kati yetu ameuliza kama sahani aliyokula imelipiwa?

Mnajua namna kazi ya duara ilivyo. Mchimbaji halipwi kwa mwezi. Anaingia shimoni, anavuta mawe, na anangoja mgao wa mifuko siku duara litakapotema. Yako maduara ambayo mwenyewe au mfadhili huwalisha watu wake, na yako ambayo kila mtu hujitegemea. Huyu wa pili anakula kwa nini? Anakula kwa daftari. Mama lishe anamwandikia: leo wali maharage, kesho ugali samaki, na wiki zinapita. Mama huyo naye unga ameuchukua kwa mkopo dukani, mkaa kwa mkopo, samaki kwa ahadi. Tukisema ukweli, mfadhili wa kwanza wa dhahabu ya wachimbaji wadogo ni mwanamke mwenye sufuria tatu, na hakuna mkataba unaomtaja.

Kukopa chakula si aibu. Imo katika Bukhari, kutoka kwa Mama Aisha (r.a.), kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alifariki hali ya kuwa deraya yake ya vita imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Mbora wa viumbe alikopa chakula cha watu wa nyumbani kwake, tena kwa mtu asiye wa dini yake, na akamwachia rehani yenye thamani. Rehani yetu sisi iko wapi? Nimeonyeshwa daftari la mama mmoja wa Katoro. Ndani yake kuna kurasa na kurasa za majina ya utani: Mrefu, Kijeshi, Mtu wa Duara la Nne, Babu Kofia. Siku iliposikika habari ya mfumuko mpya wa dhahabu mahali pengine, Mrefu alipanda pikipiki, na Kijeshi akamfuata. Mama amdai nani? Aende kwa mtendaji akaseme namtafuta Mrefu?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, ni ya kuandika madeni, na imeagiza mwenye kudaiwa ndiye atamke maneno yanayoandikwa, na asipunguze chochote. Tafsiri yake kibandani ni nyepesi sana. Mpe mama jina lako la kweli, la babako, na kijiji chako. Mpe namba ya simu inayopatikana. Ukihama, mpitie kwanza. Kama mgao haujatoka, mwambie unakwenda wapi na utatuma lini. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu kutoka kichaka chochote chenye mtandao, hakuna udhuru wa umbali. Asiye na kitu kweli, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imemwagizia muhula, na mama asimvunjie heshima mbele ya wenzake. Ama aliyepata mgao wake, akanunua simu mpya na kuchomesha mbuzi mzima kwa marafiki zake huku daftari la kibanda cha kwanza liko wazi, Mtume (s.a.w.) amekwisha kutueleza kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Mbuzi yule kachinjwa kwa bismillah, na bado anaetafuna ana haki ya mtu kooni. Wala tusiwasahau watoto walioachwa Kishapu na Bariadi wanaokula michembe kavu huku baba yao anaagiza mishikaki; nafaka ya nyumbani kwake ni deni lililotangulia madeni yote ya kibandani.

Na kazi yetu hii ni kazi ya mauti, kila mmoja analijua hilo. Agosti 2025, katika mgodi wa Nyandolwa wilayani Shinyanga, watu 25 walifukiwa chini ya ardhi, na waokoaji walifukua kwa siku nyingi. Mtu huingia duarani asubuhi akiwa amekunywa uji wa mkopo. Imepokewa kwamba lililetwa jeneza la mtu mwenye deni la dinari mbili, Mtume (s.a.w.) akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Kesho yake Mtume akamuuliza, dinari mbili zile zimekuwaje? Akarudi kumuuliza tena, mpaka alipoambiwa zimelipwa. Dinari mbili tu, ndugu zangu. Tunapomzika mchimbaji hapa tunasimama na kuuliza, "Nani anamdai marehemu?" Wanajibu wenye maduka na wenye pikipiki. Mama lishe hayupo makaburini, hakuna aliyemwita.

Kwa upande wa wapishi nitasema machache, kwa kuwa wengi wao hawamo humu. Kipimo ni kipimo, na Surat al-Mutaffifin haikuwaacha nje wenye sahani. Chakula kilicholala kisichanganywe na cha leo kikauzwa kama kipya, Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna unyevu uliofichwa, akamkataa mwenye kughushi. Na maji yachemshwe. Kipindupindu kilichoingia mikoa ya Kanda ya Ziwa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hakikubagua dini ya mtu.

Na ninyi mnaotoka kwenye mialo mkiwa mmekamata dhahabu kwa zebaki, msikae mezani na mikono ile. Zebaki ni sumu. Bismillah huleta baraka katika chakula, haioshi sumu. Sumu huoshwa kwa maji na sabuni, mbali na ndoo ya mama na mbali na sahani za watu wengine.

Kamati ya msikiti imekubali jambo moja, nami nimeombwa kulitangaza. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, katibu atakaa barazani hapa nje. Mama lishe au baba lishe yeyote anayemdai mtu wa msikiti huu, aliye hai au aliyekufa, aje na daftari lake. Walio hai tutawaita kwa majina yao, faragha, na kupanga nao malipo. Madeni ya marehemu wasio na jamaa karibu yatasomwa kwetu baada ya sala ya Ijumaa inayofuata, na atakayeweza kuyachukua atasimama kama alivyosimama Abu Qatada. Si sharti mwenye daftari awe Muislamu. Mwenye kuwajua Mrefu na Kijeshi walipo sasa, awafikishie salamu.

Wabillahi tawfiq.