Kuvuka Mpaka kwa Miguu au kwa Gari: Funzo la Maporomoko ya Victoria

Mtalii anayekwenda kuona kivutio kilichokaa juu ya mpaka wa nchi mbili hana budi kuamua mapema kama atavuka kwa gari au kwa miguu, na wengi hufanya uamuzi huo kwa kupima umbali na ukali wa jua peke yake. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu sheria za mpakani hazimtazami mtu na gari lake kwa jicho moja. Mtu ni msafiri, ilhali gari ni mali inayoingizwa nchini, na mali hiyo, hata ikikusudiwa kukaa saa mbili tu, lazima iandikwe, ilipiwe na ithibitishwe kuwa imetoka. Maporomoko ya Victoria, yaliyo kati ya Zambia na Zimbabwe, ni mahali panapoidhihirisha tofauti hiyo.

Maporomoko hayo, ambayo jina lake la wenyeji ni Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, yana upana wa mita 1,708 hivi na kimo kinachofikia mita 108, na mwaka 1989 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa niaba ya nchi zote mbili. Upande wa Zimbabwe ndio unaoonyesha sehemu kubwa zaidi ya ukuta wa maji, kwa kuwa mtazamaji husimama ng'ambo ya korongo akiwa ameukabili, ilhali upande wa Zambia humsogeza karibu na maji yenyewe kiasi cha kumlowesha. Majira nayo hubadili mambo, kwani kati ya Machi na Mei, mto Zambezi unapofurika, manyunyu huwa mazito hata yakayafunika maporomoko, na ifikapo Oktoba na Novemba sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mkavu. Kwa hiyo anayetaka kuyafahamu maporomoko hayo kwa ukamilifu hulazimika kuyaona kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo suala la kuvuka linapokuwa sehemu ya matembezi yenyewe.

Kiungo cha pande hizo ni daraja la chuma lenye urefu wa mita 198, lililofunguliwa Septemba 1905 na ambalo vyuma vyake vilitengenezwa Darlington, Uingereza, kisha vikasafirishwa na kuunganishwa juu ya korongo. Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza aliyekuwa na ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, alitaka reli hiyo ipite mahali ambapo manyunyu ya maporomoko yangeyagusa mabehewa, ingawa alifariki mwaka 1902 bila kufika hapo. Daraja hilo, kwa maneno mengine, liliwekwa pale kwa ajili ya macho na si kwa ajili ya usafirishaji peke yake, na hadi leo linabeba reli, barabara nyembamba ya magari na njia ya waendao kwa miguu, mita 128 hivi juu ya mto. Agosti 1975 behewa la treni lilisimamishwa katikati yake, ndani likiwa na Ian Smith, aliyekuwa akiitawala Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, pamoja na viongozi wa Waafrika waliokuwa wakiudai uhuru wa nchi hiyo, huku Kenneth Kaunda wa Zambia na John Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wasuluhishi, katika mazungumzo yaliyovunjika bila mwafaka. Mwenye gari huipita sehemu hiyo ya historia kwa muda usiozidi dakika chache, akiwa ameshika usukani na kulitazama gari lililo mbele yake.

Anayetembea hukutana hasa na idara moja tu kila upande, nayo ni uhamiaji, yaani ofisi inayosimamia kuingia na kutoka kwa watu. Huonyesha pasipoti, hugongewa muhuri wa kutoka, hulivuka daraja, kisha hugongewa muhuri wa kuingia. Asiyekusudia kuingia nchi ya pili, bali kufika darajani tu na kurudi, hupewa na maofisa karatasi ndogo ya ruhusa ya darajani, ambayo hugongwa muhuri bila malipo na kurudishwa anaporejea. Kwa wageni wanaohitaji viza, ipo pia viza ya pamoja iitwayo KAZA, iliyozinduliwa Novemba 2014, inayowahusu raia wa nchi zilizoorodheshwa na inayomruhusu mwenye nayo kwenda na kurudi kati ya Zambia na Zimbabwe bila kulipia viza upya kila anapovuka. Asiye na viza hiyo, akiwa na viza ya kuingia mara moja tu, huweza kujikuta amekwisha kugongewa muhuri wa kutoka, na kurudi hotelini alikoacha mizigo yake kukahitaji malipo mapya.

Mwenye gari hupitia hayo yote, kisha huongezewa forodha, ambayo ni idara inayosimamia mali na ushuru. Hapo hudaiwa kadi ya usajili wa gari, barua ya idhini ikiwa gari si lake, na mara nyingi hati ya polisi inayothibitisha kwamba gari halikuibwa. Hulazimika kupata kibali cha muda cha kuingiza gari, yaani ahadi ya kisheria kwamba gari hilo halitauzwa wala kuachwa nchini humo, na kuonyesha bima inayotambuliwa nje ya nchi lilikosajiliwa, kama Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huwalipa fidia watu wengine wanaodhurika gari linaposababisha ajali. Juu ya hayo huja tozo ya barabara na kodi ya kaboni, inayotozwa kwa sababu ya moshi wa injini. Dereva aliyetoka Dar es Salaam na kuingia Zambia kupitia Tunduma huwa amekwisha kuyamaliza hayo mara moja, na akitaka kulivusha gari kwenda Zimbabwe kwa nusu siku huyaanza upya.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, si ya fedha. Mwenye gari haruhusiwi kulisimamisha katikati ya daraja ili atazame, ilhali anayetembea huegemea kingo za chuma zilizolowa, akaona upinde wa mvua ukiwa chini ya miguu yake, na akamsikia mtu akipiga yowe anaporuka mita 111 akiwa amefungwa kamba ya mpira miguuni. Wachuuzi humfuata wakiwa na bangili za shaba na noti za zamani za Zimbabwe, ikiwamo ile ya dola trilioni 100, yenye sifuri 14, ambayo mfumuko wa bei ulikwisha kuifanya karatasi isiyonunua kitu, na ambayo sasa watalii hununua kama ukumbusho. Nyani nao hukaa kando ya njia wakiwinda mifuko yenye chakula, na hawaijali pasipoti ya mtu yeyote.

Gari, pamoja na hayo, lina mahali pake. Mji wa Victoria Falls, ulio upande wa Zimbabwe, uko umbali wa kilomita moja hivi kutoka maporomoko, lakini Livingstone, mji wa upande wa Zambia, uko umbali wa kilomita 10 hivi, kwa hiyo anayeanzia huko huhitaji teksi hadi kituo cha mpakani. Mzee, mgonjwa au mwenye watoto wadogo hana haja ya kujitesa juani, na baada ya giza kuingia si busara kwa yeyote kutembea katika barabara ambazo tembo nao huzipita. Vilevile anayeendelea na safari kutoka Zambia hadi mbuga ya Chobe nchini Botswana atafaidika kwa kulitumia daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa mwaka 2021 likiwa na kituo cha pamoja cha mpakani, yaani kituo ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja ili msafiri asimame mara moja tu, kama ilivyo Namanga na Rusumo.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba gari hustahili gharama zake pale tu safari inapokwenda mbali kupita mpaka, na kwamba kivutio kinapokuwa juu ya mpaka wenyewe, miguu hutosha. Msafiri anayepanga kwenda Mosi-oa-Tunya na aliache gari upande alikofikia, abebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, afiche chakula ndani ya begi, na kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka amwulize ofisa wa uhamiaji kama viza yake inamruhusu kurudi.